Siku Niliyoyapeleka Mabati Angani

Mimi si mtu wa kushangaa. Nimelisema hilo mbele ya watu wengi, tena nikiwa nimesimama, maana maneno ya namna hiyo hayanogi ukiwa umekaa. Nimewahi kukuta kiboko amelala katikati ya barabara ya Sitalike, basi linampigia honi na yeye anapiga miayo. Nimewahi kuuziwa shamba moja na ndugu watatu, kila mmoja kwa siku yake, na wote watatu wakala chakula changu cha mchana. Nilianza maisha na ndoo moja ya asali, nikiuza kwa kijiko mnadani, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi lenye milango minne pale stendi ya zamani, Mpanda mjini. Shule nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu atakwambia sikulimaliza. Lakini wenye digrii wakija kuomba punguzo la misumari wananiita bosi. Sasa kipi tena cha kunishangaza?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka mwezi wa tisa wa mwaka juzi.

Lazima kwanza nieleze habari ya mabati, maana bila hiyo utaniona mwendawazimu, na mimi nataka unione hivyo baadaye, kwa mpangilio. Huku kwetu bati lina msimu wake. Watu wakishauza mpunga na tumbaku, kuanzia mwezi wa saba hivi, wana hela mkononi. Mvua ikishaanza, mwezi wa kumi na moja, hakuna mtu anayefumua paa lake. Katikati ya hapo ndipo unapouza. Ukikosa hapo, unalala na bati lako mpaka mwaka unaofuata, na bati si mke, halikufariji.

Mwaka huo nilijiona nimeiva. Niliuza Fuso yangu, ile ambayo mji mzima ulikuwa unaijua kwa honi yake, nikaenda kiwandani nikarudi na mabati elfu mbili, geji thelathini. Nilifikiri nitamaliza wenzangu wote. Kumbe wenzangu wote nao walikuwa wamefikiri hivyo hivyo. Pale stendi ya zamani maduka ya mabati ni matano, na mwaka ule yote yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa nimeuza mia mbili na arobaini. Yaliyobaki yalinitazama kila asubuhi nikifungua stoo, yakinimeremetea usoni. Fuso sina. Hela sina. Nina mabati elfu moja mia saba na sitini, na miezi miwili ya jua.

Mke wangu alishauri gari la matangazo, lile lenye spika mbili juu. Nikamwambia gari la spika kila mtu anakodi, hata wauza dawa za panya. Jirani yangu, Alhaji, mwenye duka la mlango wa tatu kutoka kwangu, alikuwa ameshakodi lake tangu wiki iliyotangulia, linazunguka Nsemulwa yote linaimba kaswida na bei za mabati kwa zamu. Mimi nikodi gari kama la Alhaji? Watu watasema namwiga.

Ndipo kwenye grupu letu la wafanyabiashara mtu akatuma video fupi. Ndege ndogo inapita juu ya ufukwe wa nchi za watu, nyuma yake inavuta bango refu lenye maandishi, na watu wote chini wameinua shingo. Watu wote, yaani hata waliokuwa wanaogelea. Niliitazama mara kumi na saba. Mara ya kumi na nane nilimwonyesha mke wangu.

"Kwani mtu anayetafuta bati anaangalia juu?" akauliza.

"Asiye na paa ndiye anayeangalia juu," nikamjibu.

Naomba nikiri kwamba jibu hilo lilinilevya. Nililirudia kwa kila aliyeingia dukani siku ile, mpaka mteja mmoja aliyefuata kitasa akaondoka bila kitasa.

Mke wangu ni mtu wa maneno machache. Yeye ndiye anayelima Kakese, heka sita za mpunga, na hela ya mpunga wa mwaka ule alikuwa ameiweka kwa ajili ya mashine ya kukoboa. Nilipiga hesabu mbele yake, nikamhesabia vijiji, nyumba za nyasi, na mabati kwa kila nyumba. Kwa hesabu yangu tungekosa mabati ya kuwauzia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Chukua hela ya mpunga. Lakini kila shilingi nitaiandika." Nikasema aandike tu. Nilidhani anataka kumbukumbu ya ushindi.

Mwenye ndege alipatikana mbali, kwa simu, kupitia mtu aliyemjua mtu. Bei yake, pamoja na mafuta ya kuja na kurudi, vibali vyote na bango lenyewe, ilikuwa milioni kumi na nne na nusu. Mtu mzima mwingine hapo angekata simu. Mimi niliuliza kama kuna punguzo nikirusha siku mbili.

Shida ya kwanza ilikuwa herufi. Kumbe bango la ndege lina kipimo. Kila herufi ni ndefu kuliko mtu aliyesimama, na ndege ndogo haiwezi kuvuta hotuba. Mwisho herufi thelathini. Mimi nilikuwa nimeandaa, kwa mkono wangu, karatasi mbili zenye jina langu lote, jina la duka, mabati, misumari, saruji, vitasa, bei poa, na karibuni nyote. Nikaanza kukata. Usiku na mchana nakata, kama mtu anayepunguza mizigo mtumbwi unapozama. Jina langu lilikuwa refu mno, likatoka. Jina la duka likatoka. Mwisho yakabaki haya: MABATI MAPYA STENDI YA ZAMANI. Nikaagiza yaandikwe kwa rangi nyekundu, nyekundu ya kuiva, maana ndiyo inayoonekana kwenye moshi, na huku mwezi wa tisa watu wanachoma mapori, anga lote ni moshi.

Mke wangu alisoma maneno yale kwenye simu yangu. Akasema, "Stendi ya zamani kuna maduka matano."

Nilikuwa nimeshalipa.

Ndege ilitua Jumamosi asubuhi. Nilikwenda uwanjani na kofia mpya ya pama niliyoinunua elfu thelathini na tano kwa ajili ya siku hiyo, na ndugu na jamaa wa kutosha. Akashuka mama mmoja mfupi, wa umri wangu hivi, amevaa ndala. Nikamsalimia vizuri nikamwuliza kapteni yuko wapi. Akajigusa kifua kwa kidole. Nikacheka nikasema najua, nilikuwa namtania. Sikuwa namtania.

Nilikuwa nimedhani bango linafungwa mkiani kama kopo kwenye mkia wa mbwa, halafu ndege inaondoka nalo. Haiko hivyo. Fundi wa yule mama alisimika miti miwili pembeni ya uwanja, akatandaza bango chini kwenye nyasi, kamba yake akaipitisha juu ya ile miti kama kamba ya kuanikia nguo. Ndege inaruka kwanza mikono mitupu, halafu inarudi kwa kasi, chini kabisa, na ndoana inayoning'inia nyuma, inaikwapua ile kamba, halafu inaelekea mbinguni moja kwa moja.

Nimeeleza hivyo kwa utulivu kwa sababu nilikuwa ndani.

Kapteni alikataa kunibeba. Alisema kazi ile haina abiria. Nikamwambia yeye hajui Kabungu wala Kakese, na huko juu hakuna kibao cha kuonyesha njia, atatangazia swala. Akaniangalia tumbo, akamwangalia fundi wake, akasema sawa, lakini nivue viatu na nisiguse kitu. Nikapanda na soksi na kofia. Tuliporudi kuikwapua ile kamba niliiona ardhi ya Mpanda ikija kwenye pua yangu, nikaona nyasi mojamoja, halafu kitu kikatuvuta nyuma kama mtu aliyeshikwa shati, kisha nikaona anga tupu. Nilichokuwa nimekula asubuhi kiliingia kwenye kofia. Yote, kofia ilitosha.

"Mzee, uko salama?" akauliza Kapteni bila kugeuka.

"Hili nimezoea," nikasema.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba aliye ndani ya ndege halioni bango lake. Liko nyuma kabisa. Nimelipa milioni kumi na nne na nusu kwa kitu ambacho watu wote wa wilaya mbili walikiona isipokuwa mimi. Nikawa natazama watu, nione nyuso zao. Mjini walitoka kweli. Niliwaona barabarani wamejaa, simu juu. Tukazunguka mara mbili, nikamwambia Kapteni sasa twende Kabungu, ndiko kwenye nyumba za nyasi, ndiko walipo wateja.

Kabungu ndiko nilikozaliwa. Mama yangu bado anaishi huko, kitongoji cha pembeni, karibu na mpaka wa msitu wa hifadhi. Nilimjengea nyumba ya mabati ya bluu, ya kwanza ya bluu kijiji kizima, na ukipita barabarani unaiona kutoka mbali. Kutoka angani ilikuwa inang'aa kama sahani. Nikamwambia Kapteni shuka kidogo, ile ni nyumba ya mama yangu. Akashuka kadiri alivyoruhusiwa. Tukapita. Watu walitoka majumbani wakikimbia. Halafu nikaona jambo lililonijaza machozi: walikuwa wanapanda juu ya mapaa.

Nikamwambia Kapteni, "Unaona? Wanapanda wasome vizuri."

Akasema hajawahi kuona watu wanaopenda matangazo namna hiyo.

Wengine walikuwa wanatupungia na mabati kabisa. Nilidhani wanatumulikia kwa furaha. Bati linapigwa na jua, linameta, linashuka, jingine linameta. Nikawapungia kwa mikono yote miwili. Tukaenda Kakese, huko nako kidogo walipanda, siyo sana. Nikamwambia Kapteni turudi Kabungu, watu wangu wamefurahi mno, tuwape na mara ya pili. Tukawapa ya pili. Tukawapa ya tatu. Na ile mara ya tatu nilitafuta paa la bluu la mama yangu nisilione. Nikageuza shingo huku na huku, kofia nimeishika mapajani kwa uangalifu. Hakuna bluu.

"Kapteni," nikasema, "tumepotea."

Akasema hatujapotea. Nikamwambia nyumba ya mama yangu naijua. Akanionyesha kwa kidole kijiji kile kile chini. Nikasema basi ni moshi.

Saa saba mchana nilikuwa dukani, nimebadili shati, nimesimama mlangoni kungojea umati. Nilikuwa nimeajiri vibarua wanne wa kubeba mabati. Umati ulikuwepo, lakini ulikuwa kwa Alhaji, na kidogo kwa yule wa mlango wa kwanza. Bango liliwaelekeza stendi ya zamani. Wakaja stendi ya zamani, wakaingia duka la kwanza waliloliona. Alhaji mwenyewe alitoka nje kunisalimia. Akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba kuna mtu mwenye kheri amerusha ndege, na kama ninamjua nimfikishie salamu zake.

Simu ya mke wangu ikaita. Ni mama yangu, kwa simu ya jirani. Mke wangu alisikiliza, akasema "ndiyo mama" mara tatu, akanigeukia.

"Mama anasema ulete Fuso. Wanahama."

"Wanahama nani?"

"Kitongoji chote. Ndege ya serikali imepita na maandishi mekundu. Wameshafumua."

Mimi ni mtoto wa kule. Hilo nililijua, tena kuliko mtu yeyote. Miaka ya nyuma ndege ndogo ilipita chini chini juu ya kitongoji kile kile, ikizunguka mpaka wa msitu, na hatukuitilia maanani. Wiki mbili baadaye nyumba za upande wa ndani ya mpaka zikapigwa alama nyekundu ukutani, na baada ya alama likaja tingatinga. Waliookoa kitu ni wale waliofumua mabati yao mapema. Nyumba ya tope unajenga tena kwa mikono yako. Bati ni hela. Tangu hapo kila mtu wa pale anajua kwamba ndege ikipita chini, kwanza unatoa bati. Hata watoto wanajua kuchomoa misumari bila kuipinda. Na mimi, mzaliwa wa pale, nimepeleka ndege juu ya vichwa vyao, chini chini, na maandishi mekundu, na neno la kwanza kwenye maandishi hayo ni MABATI. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na walisoma vizuri kabisa.

Halafu nikazunguka mara tatu ili kuwahimiza.

Nilichukua bodaboda. Kabla sijafika, njiani, nikapishana na lori limejaa mabati yaliyotumika, yamefungwa kamba, yanapiga kelele kwenye mashimo. Dereva wake namjua, ni wa Alhaji. Watu wanaohama wanauza bati kwa bei yoyote, na Alhaji ni mfanyabiashara. Habari ilimfikia kabla yangu. Juu kabisa ya mzigo palikuwa na mabati ya bluu.

Kitongoji kilikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo. Kenchi zimebaki peke yake, mbao tupu juu ya kuta. Vitanda nje, masufuria nje, kuku juu ya kabati la vyombo. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba isiyo na paa, mkoba mapajani, tayari kwa safari. Akanisalimia vizuri akauliza Fuso iko wapi.

Nikasimama katikati yao nikasema ile ndege ni yangu. Nilisema kwa sauti, kama ninavyosemaga. Nikawaeleza: nimeikodi, ni tangazo, nauza mabati, hakuna anayehamishwa, rudisheni mapaa yenu.

Hakuna aliyeamini hata mmoja. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliniuliza kwa heshima serikali imenilipa kiasi gani niwatulize mpaka tingatinga lifike. Mwingine akasema anajua mimi ni tajiri lakini si wa ndege. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafunga magunia hakuacha hata kufunga. Akasema, "Mtu auze mabati kwa ndege? Kwani mabati yanaruka?"

Mtendaji wa kijiji alikuja na pikipiki yake, naye akathibitisha kwamba hakuna amri yoyote ya kuhama. Wakamwambia hata mwaka wa tingatinga hakuwa na habari. Ikabidi aitishe mkutano kesho yake, Jumapili, mchana, mbele ya ofisi ya kijiji, na akaniambia mbele ya watu kwamba nitakuja kujieleza.

Nililala kwa mama, chini ya nyota, ndani ya nyumba. Sitaki kueleza zaidi.

Mkutanoni nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na risiti, na ile video, na picha yangu nimesimama na Kapteni. Zilipita mkono kwa mkono, wakazitazama, wakazirudisha. Walisema picha inaonyesha tu kwamba nimesimama karibu na ndege ya serikali. Mtendaji akaniuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: inawezekanaje mtu mwenye akili atoe milioni kumi na nne na nusu kutangaza mabati ambayo hata jina lake hayana? Nikajaribu kujibu. Nikaeleza habari ya herufi thelathini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mimi, niliyezoea kuaminiwa hata nikitia chumvi, nilikuwa nasema kweli tupu na haikubebeka. Na nilikuwa najua kwamba wasipoamini siku ile watauza mabati yao yote kwa Alhaji, Alhaji atayajaza mjini kwa nusu bei, na yale yangu elfu moja na mia saba na kitu yatakuwa kaburi langu.

Mama yangu ndiye aliyenyoosha mkono. Akasimama taratibu, akajifunga khanga vizuri.

"Mimi nasema haya kwa sababu huyu nimemzaa," akasema. "Akiwa darasa la pili nilikuwa na mbuzi mmoja. Akamvisha makopo saba shingoni ili majirani wajue kwamba na sisi tuna mbuzi. Mbuzi akitembea, kijiji chote kinasikia. Siku ya tatu mwizi akafuata makopo. Mkisema mwanangu katumwa na serikali, mimi siwezi kujua. Lakini mkisema hakuna mtu mjinga wa kutosha kukodi ndege, yupo, ni huyu hapa. Jana nilimsikia mwenyewe anaisifia ile ndege nikasema ndiyo, hii ni yake."

Halafu yule mzee, rafiki wa baba, akaanza kucheka. Alisema makopo anayakumbuka. Mwingine akasema mbuzi alikuwa mweusi. Kicheko kikashika nyuma, kikaja mbele, mpaka mtendaji akaweka kalamu chini akaficha uso. Nimewahi kupigiwa makofi mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuaminiwa na watu wengi kwa mara moja kama siku ile.

Walipomaliza kucheka wakahukumu. Hawakuniuliza. Aliyewashusha ndiye atakayewapandisha: kila bati lirudishwe juu kwa misumari yangu na mafundi wangu, na waliokwisha kuuza kwa Alhaji niwape mapya. Mtendaji aliandika, nikatia saini, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba jina langu ni refu, maana nilipata muda wa kupumua.

Mafundi tisa, siku sita. Mimi mwenyewe nilipanda juu na nyundo, nikapigilia, nikajigonga kidole gumba. Mke wangu alikuja na chakula na daftari. Bati moja likipinda, anaandika. Kilo ya misumari, anaandika. Mabati mapya niliyoyatoa bure yalifika mia moja na thelathini na moja, thelathini na mawili kati ya hayo ni ya mama, maana mama naye aliuza. Aliniambia Alhaji alimpa bei nzuri na ni mtu mwenye adabu. Nilimwekea ya rangi ya fedha. Anasema yale ya bluu alikuwa hayapendi tangu mwanzo, yalikuwa yanaita watu.

Siku ya tano, nikiwa juu ya paa la jirani wa mama, baba mmoja wa nyumba ya nyasi alisimama chini akinitazama. Akauliza bati ni shilingi ngapi. Nikamwambia. Akauliza nikimwuzia nitapanda kumpigilia mwenyewe, kama ninavyowafanyia wenzake? Nikasema nitapanda. Akachukua ishirini na sita. Ndivyo nilivyouza mwaka ule, mmoja mmoja, kutoka juu ya paa, na kila mteja alitaka kwanza nimsimulie habari ya kofia. Lakini jua halikunisubiri. Mvua ya kwanza ilipiga stoo ikiwa bado na mabati elfu moja na tisini, na yakakaa humo mpaka msimu wa mwaka uliofuata, yakinimeremetea kila asubuhi. Fuso sijainunua mpaka leo. Mpunga tunakobolea kwenye mashine ya watu.

Alhaji nilikutana naye msibani wiki ile ya mvua. Akanikaribisha kwenye mkeka, akanimiminia kahawa, tukaongea ya msiba mpaka yakaisha. Wakati wa kuagana akanishika mkono hakuuachia.

"Bwana, ukirusha tena," akasema, "niambie mapema nitafute lori kubwa."

Mke wangu alifunga hesabu jioni ile tulipotoka msibani. Alijumlisha ndege, misumari, mafundi, mabati ya bure, usafiri na chakula. Nikamwona amesita, akanitazama kichwani, akaongeza mstari mmoja. Nikamwambia kofia ilikuwa yangu binafsi, isiingie. Akasema kofia ilipanda ndege kikazi. Ukurasa ule aliuchana akaubandika ukutani juu ya droo ya hela, mahali ambapo siwezi kutoa chenji bila kuusoma, na mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, herufi kwa herufi, hivyo unanichukua muda. Mstari wa mwisho ameuandika kwa wino mwekundu: shilingi milioni ishirini, laki saba, themanini na saba elfu.